Kupunguza, Kuondoa na Kufuta: Uhakiki wa Lugha ya Makundi ya Juzuu katika Unix

Katika kazi nyingi za mikono neno hutangulia tendo, na baina ya neno na tendo pana nafasi ya mtu kujirudi. Fundi cherehani huambiwa akate, naye hupima mara ya pili kabla ya kutia mkasi. Kwa msimamizi wa seva ya Unix nafasi hiyo ni finyu mno: huandika amri, hubonyeza kitufe, na amri imekwisha kuwa tendo. Neno lililochaguliwa vibaya na aliyeitunga amri miaka mingi iliyopita, au likafahamika vibaya kwa anayeitumia leo, laweza kupoteza daftari la wagonjwa au matokeo ya mitihani ya mwaka mzima. Ndiyo maana lugha ya amri hizo yastahili kutazamwa na wataalamu wa lugha, wala haifai kuachiwa mafundi peke yao.

Makala haya yanahakiki sehemu moja tu ya lugha hiyo, nayo ni istilahi za kusimamia makundi ya juzuu za diski, kama zinavyoonekana katika miongozo ya mifumo mitatu: AIX ya IBM, HP-UX ya Hewlett-Packard, na Linux, ambayo si Unix kwa jina lakini imerithi desturi zake. Yanayohakikiwa ni maneno: majina yaliyopewa vitu, na zaidi ya hayo, vitenzi vilivyopewa matendo. Hoja yenyewe ni kwamba majina ya Kiingereza katika uwanja huu yana kasoro zinazovumilika, na mtafsiri aweza kuyakopa au kuyabadili apendavyo. Lakini vitenzi vyake vinaficha tofauti kubwa baina ya tendo la salama na tendo la hasara, na mwenye kuvihamishia katika Kiswahili neno kwa neno huihamisha hatari pamoja navyo.

Yafaa kwanza kueleza kitu chenyewe. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwongozo wake wa kwanza ukatoka Novemba 1971. Kwa miaka mingi diski ya mashine ya namna hiyo iligawanywa kwa mipaka isiyosogea. Sehemu moja ilipojaa na jirani yake ikabaki tupu, hapakuwa na dawa ila kunakili kila kitu mahali pengine, kuchora mipaka upya, na kurudisha. Mwaka 1990 IBM ilitoa AIX toleo la 3 pamoja na mashine za RS/6000, na ndani yake mlikuwa na njia mpya: diski kadhaa huunganishwa kuwa kundi moja, na kutoka katika kundi hilo msimamizi hukata juzuu za ukubwa autakao, bila kujali diski ipi inaishia wapi. HP-UX nayo ikawa na njia ya namna hiyo, na mwaka 1998 Heinz Mauelshagen akaiandikia Linux programu iliyofuata mfano wa HP-UX, pamoja na majina ya amri zake.

Mtu aliyekulia penye ghala la nafaka hapati taabu kuifahamu njia hiyo. Magunia kadhaa, makubwa na madogo, humiminwa katika ghala moja, na nafaka hupimwa kutoka humo kwa kibaba. Anayepewa sehemu yake haulizi imetoka katika gunia lipi. Diski ndizo magunia, kundi ndilo ghala, na kibaba ni kipande cha kipimo kimoja ambacho hupangwa siku kundi linapoundwa. Katika Linux kipande hicho ni megabaiti 4 iwapo msimamizi hakutaja kingine. Tena kibaba hakipasuliwi: anayeomba juzuu ya megabaiti 10 katika kundi la namna hiyo hupewa 12, kwa kuwa vipande viwili ni pungufu na nusu ya kipande haitolewi.

Basi majina ya Kiingereza ya vitu hivi ni matatu. Diski iliyoingizwa katika mpango huitwa "physical volume", ghala huitwa "volume group", na sehemu iliyopimwa kutoka ghalani huitwa "logical volume". Neno linalorudiwa katika yote matatu ni "volume", nalo lina safari ndefu. Asili yake ni Kilatini, volumen, kitu kilichokunjwa kwa kuviringwa, kwa kuwa vitabu vya kale vilikuwa hati za kuviringa. Baadaye likawa jina la kitabu kimoja katika mfululizo, kisha likawa ukubwa wa kitu, kisha wingi, na mwisho nguvu ya sauti. Watu wa kompyuta walilipokea na kulitia katika utepe wa sumaku na diski, kwa maana ya chombo kimoja cha kuhifadhia.

Mtafsiri akimbiliaye kamusi hukuta njia panda. Akishika ujazo ameshika maana ya wanahisabati, na "kundi la ujazo" halimwambii mtu lolote. Akishika sauti amepotea kabisa. Neno linalofaa zaidi ni juzuu, nalo lina sababu ya ziada ya kupendelewa. Limetoka katika Kiarabu kwa maana ya sehemu, na msomaji wa Msahafu hujua kwamba mgawanyo wa juzuu 30 ni mgawanyo wa kipimo, usiofuata mipaka ya sura. Sura moja ndefu huanzia katika juzuu moja na kuishia katika nyingine, bila herufi hata moja kuhama mahali pake. Wazo hilo la migawanyo miwili juu ya maandishi yale yale ndilo hasa wazo la mpango huu wa diski: mgawanyo wa vyombo na mgawanyo wa matumizi hupita kila mmoja njia yake. Neno la Kiingereza halina wazo hilo. La Kiswahili linalo tangu zamani.

Hata hivyo, mtu akisema "voliumu" badala ya juzuu, hakuna data itakayopotea. Majina ya vitu hujisahihisha yenyewe katika matumizi, kwa sababu kitu kipo na chaweza kuoneshwa kwa kidole. Hata kasoro iliyo dhahiri katika "physical volume" haijadhuru watu sana. Jina hilo ladai kwamba kitu hicho ni cha kushikika, ilhali mara nyingi ni sehemu tu ya diski, au ni diski ya kubuniwa iliyoundwa na mashine nyingine kutokana na diski kadhaa. Msimamizi hulizoea, akaendelea na kazi yake. Kwa vitenzi mambo huwa mengine.

Kabla ya kuvilaumu vitenzi, sifa yao isemwe. HP-UX na Linux huweka jina la kitu mwanzoni mwa amri na kitenzi mwishoni: pvcreate, vgcreate, lvcreate, vgextend, lvextend, vgreduce, lvreduce, vgremove, lvremove. Herufi mbili za mwanzo hutangaza ngeli ya kitu kitakachotendwa, na kinachofuata hufuata ngeli hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na utaratibu huo, kwa kuwa lugha yake yote imejengwa juu ya kiambishi kinachotangulia na kutawala. AIX imefuata njia ya pili, kitenzi kwanza: mkvg, extendvg, reducevg, mklv, rmlv. Vitenzi vyake ni vichache na hurudiwa kwa uaminifu, hata aliyejua kuunda juzuu hukisia namna ya kuifuta. Njia zote mbili ni za watu waliotaka lugha yenye mpango.

Walakini mpango huo ndio chanzo cha kasoro. Aliyetunga amri alipenda ulinganifu: kitenzi kilichotumika kwa kundi kitumike na kwa juzuu. Lakini matendo hayakulingana. Chukua "reduce", kupunguza. Amri ya vgreduce hulipunguza kundi kwa kulitoa diski. Ikiwa diski hiyo ina vipande vinavyotumiwa na juzuu yoyote, amri hukataa. Msimamizi hana budi kwanza kuvihamishia katika diski nyingine kwa pvmove, ndipo diski itoke ikiwa tupu. Hili ni tendo la salama, na mashine yenyewe ni mlinzi wake. Amri ya lvreduce hupunguza juzuu, yaani hukata mwisho wake na kuvirudisha vipande ghalani, na kilichokuwa kimeandikwa katika vipande hivyo hakina mwenyewe tena. Kitenzi ni kilekile. Katika tendo la kwanza kinachopungua ni nafasi tupu. Katika la pili chaweza kupungua kilichoandikwa.

Mfano utaonesha uzito wa jambo. Tuseme juzuu ina gigabaiti 100, mfumo wa faili umeenea katika zote, na faili zenyewe ni gigabaiti 60. Msimamizi anataka juzuu ibaki na 80. Kwa hesabu hakuna la kuogopa, kwa kuwa 60 huingia katika 80. Lakini mfumo wa faili haukupanga faili zake kuanzia mwanzo hadi 60. Umezitawanya, na pia umeweka daftari zake za ndani mahali mbalimbali hadi karibu na mwisho. Njia ya haki ni kuubana kwanza mfumo wa faili uingie katika 80 au pungufu ya hapo, kisha kukata juzuu. Anayeanza na juzuu amekata nguo mwenyewe angali ndani yake. Na katika kuongeza, utaratibu hugeuka: juzuu hutangulia, mfumo wa faili hufuata. Lugha ya amri haioneshi lolote katika hayo. "Extend" na "reduce" zimekaa kama mapacha, na anayezisoma hudhani kwamba ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa tu.

Haki inadai kusema kwamba waandishi wa miongozo hawakunyamaza. Ukurasa wa lvreduce wa Linux huonya karibu na mwanzo kwamba data iliyo katika sehemu inayokatwa hupotea, na kwamba mfumo wa faili ubanwe kwanza. Programu nayo huuliza kabla ya kutenda. Ipo pia njia ya kuiambia amri ifanye yote mawili kwa utaratibu wa haki, na matoleo ya karibuni yameongezewa ukaguzi wa ukubwa wa mfumo wa faili kabla ya kukata. Maongezo haya ni ushahidi wa hoja: kila moja ni kiraka kilichoshonwa juu ya kitenzi kisichotosha. Kama neno lingesema "kata", huenda viraka vingekuwa vichache.

Kilicho cha ajabu zaidi ni kwamba mwongozo wenyewe hukiri udhaifu huo pasipo kukusudia. Kila ukurasa wa mwongozo wa Unix huanza na mstari mmoja unaoeleza kazi ya amri. Mstari wa vgreduce katika Linux, ukitakiwa kueleza "reduce", hukimbilia kitenzi kingine na kusema kwamba kazi ya amri ni kuondoa diski katika kundi. Mstari wa lvreduce hauna pa kukimbilia, hurudia "reduce" lilelile na kuongeza neno la ukubwa. Mwandishi aliona kwamba neno la kwanza halifahamiki bila msaada. Hakuona kwamba msaada huo ulikuwa ndio jina la haki.

AIX imeifikisha kasoro hii mbali zaidi. Katika orodha ya amri zake mna mkvg ya kuunda kundi, lakini rmvg haimo. Anayetaka kulimaliza kundi hutumia reducevg, akitoa diski moja baada ya nyingine. Diski ya mwisho inapotoka, kundi nalo hukoma kuwapo. Kwa hiyo kifo cha kundi kimefichwa ndani ya neno la kupungua. Tena amri hiyohiyo ikipewa herufi d hufuta juzuu zilizo katika diski inayotolewa, kwa kuuliza. Ikiongezewa f, hufuta bila kuuliza. Herufi mbili zaligeuza tendo la kutoa chombo kitupu kuwa tendo la kuteketeza vilivyomo, na kitenzi hakikubadilika hata kidogo. HP-UX na Linux ni bora katika jambo hili: vgreduce haikubali kutoa diski ya mwisho, na anayetaka kumaliza kundi lazima aseme hivyo kwa vgremove.

Mfano wa pili wa maneno yasiyo mwaminifu ni "export", ambalo kila mtu hulifahamu kuwa ni kupeleka bidhaa nje. Katika AIX, exportvg haipeleki kitu popote. Hufuta habari za kundi katika daftari la mashine, na diski hubaki pale pale na yote yaliyomo, zikingoja mtu azipeleke kwa mikono yake au azitambulishe upya kwa importvg. Katika HP-UX vgexport nayo hulifuta kundi katika orodha ya mashine, lakini kuna jambo la ziada: majina ambayo msimamizi alizipa juzuu zake hayakuandikwa katika diski zenyewe. Asipohifadhi majina hayo katika faili ya ramani, mashine itakayolipokea kundi itaziita juzuu hizo kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika Linux vgexport hutia alama tu kwamba kundi limetengwa na lisiguswe hadi litakapopokewa. Neno moja, matendo matatu: kusahau, kusahau pamoja na hatari ya kupoteza majina, na kutia alama. Msimamizi ahamaye kutoka mfumo mmoja hadi mwingine hulikuta neno alijualo, naye hulitumia kwa moyo mtulivu, hali maana imekwisha badilika chini ya miguu yake.

Si kila neno la kukopa limeharibika. Mfano mwema ni "quorum", kwa Kiswahili akidi. AIX huandika nakala za maelezo ya kundi katika diski zake, na kundi hufunguliwa tu ikiwa zaidi ya nusu ya nakala hizo zinasomeka. Hapa neno la vikao limechukuliwa pamoja na maana yake yote, na Kiswahili kinalo la kwake tayari, lililozoeleka bungeni na katika mikutano ya vyama vya ushirika. Tahadhari ni moja tu. Katika kikao kila mjumbe ni mmoja. Katika kundi la diski mbili, diski ya kwanza hubeba nakala mbili na ya pili nakala moja. Ikiharibika ile ya kwanza, hubaki theluthi, akidi haipo, na kundi laweza kufungwa ingawa nusu ya diski ni nzima. Mwenye kufasiri na aliseme hilo wazi, kwa kuwa neno akidi kwa uzuri wake huficha kwamba wajumbe hawako sawa.

Jambo jingine linalostahili sifa ni maandishi ya Linux yenyewe. Ramani ya kundi huandikwa kwa maneno yanayosomeka na binadamu, katika diski na pia katika faili za akiba. Na kila mara ramani inapobadilishwa, nakala ya zamani huhifadhiwa, kwa kawaida, pamoja na kutajwa amri iliyokuwa karibu kutendwa. Msimamizi aliyefuta juzuu kwa makosa aweza kuirudisha ramani ya awali kwa vgcfgrestore, mradi vipande havijapewa mwingine wala havijasafishwa na diski. Hii ni kwa sababu lvremove haigusi yaliyoandikwa. Hufuta ramani inayoonesha yako wapi. Mapokeo hayo ni ya heshima, nayo yanakumbusha kwamba mwongozo wa Unix wa mwaka 1971 ulikuwa na kifungu cha kutaja kasoro za programu bila kuona haya. Utamaduni unaojiandika na kukubali aibu zake ni utamaduni unaoweza kusahihishwa.

Sasa Kiswahili kifanye nini? Wapo watakaosema hakina la kufanya, kwa kuwa msimamizi wa Dar es Salaam au Nairobi ataandika lvreduce kama aandikavyo mwenziwe wa London, na mashine haitaelewa neno lingine. Hoja hii ina ukweli nusu. Amri itabaki kama ilivyo, lakini kazi ya ofisini si kuandika amri tu. Msimamizi mmoja huondoka na mwingine huingia. Pana taarifa ya makabidhiano, pana somo kwa kijana aliyeajiriwa jana, pana maelezo kwa mkuu wa idara anayetaka kujua kwa nini mashine ilisimama usiku. Yote hayo aghalabu husemwa kwa Kiswahili. Anayesoma katika taarifa kwamba "volume group ilipunguzwa" hawezi kujua kama ilitolewa diski tupu, ilikatwa juzuu, au kundi lilikomeshwa. Na anayepokea kazi kwa taarifa hiyo amepokea mzigo asioujua.

Kazi ya kukitia Kiswahili katika kompyuta haikuanza leo. Mwaka 2004 ilitoka programu ya ofisini ya Jambo OpenOffice, iliyofasiriwa kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenziwe, na kazi nyingine zimefuata. Lakini kazi za namna hiyo zilimlenga mwandishi wa barua na mtunza hesabu, na katika uwanja huo juhudi kubwa iliwekwa katika majina: kompyuta au tarakilishi, faili au jalada. Mabishano hayo yana nafasi yake. Katika uwanja wa seva utaratibu wafaa kugeuzwa, vitenzi vitangulie.

Na katika vitenzi Kiswahili ni tajiri, kwa kuwa mnyambuliko wake waweza kusema katika neno moja kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa sentensi. Kitenzi cha kutendua ni mfano. Panga hutoa pangua, funga hutoa fungua, na katika maneno hayo vitu vyenyewe havipotei. Kinachoondoka ni mpango au kifungo. Basi kuunda kundi na kuwe kupanga kundi, na kulimaliza kuwe kulipangua, na msikilizaji atajua bila kuelezwa kwamba diski zimebaki. Ikiwa kundi lingali na juzuu, vgremove ya Linux huomba ruhusa ya kuziondoa kwanza; hayo ni matendo mawili, na mwongozo wa Kiswahili uyataje yote mawili, kufuta juzuu na kupangua kundi.

Tendo la vgreduce liitwe kutoa diski kundini. Kiambishi cha mahali hufanya kazi yote: kinachoondoka ni diski, na kinapotoka ni kundini. Tendo la lvreduce liitwe kukata juzuu, kwa kuwa kinachokatwa huwa na upande unaobaki na upande unaotupwa, na kila mwenye akili huuliza kuna nini upande wa pili kabla ya kukata. Neno kupunguza liepukwe katika yote mawili, kwa sababu ni neno la upole, nalo hufaa kwa bei na mwendo. Tendo la lvremove liitwe kufuta juzuu. Mwenye kupinga atasema kwamba yaliyoandikwa hayafutiki papo hapo, bali ramani tu. Jawabu ni kwamba neno la onyo likikosea, heri likosee kwa kuzidi. Tendo la exportvg katika AIX liitwe kulitoa kundi daftarini, na vgexport ya Linux iitwe kulitia kundi alama ya kuhama, kwa kuwa hakuna sheria inayolazimisha neno moja la Kiingereza lipate neno moja la Kiswahili pale matendo yalipotofautiana.

Hata pvcreate, ambayo kwa Kiingereza hudai kuumba, itafaa zaidi ikiitwa kuitia diski alama, na pvremove kuifuta alama hiyo. Diski haikuumbwa na amri. Ilikuwapo, pengine ikiwa na mali ya mtu. Anayesikia "unda" hudhani anaanza na utupu. Anayesikia "tia alama" huuliza kwanza kama chombo hicho kina mwenyewe.

Itasemwa kwamba mapendekezo haya yanavunja ulinganifu, na kwamba orodha ya istilahi isiyolingana ni ngumu kujifunza. Ni kweli kwamba haitalingana. Lakini ulinganifu ulikuwa wa watunzi wa amri, nao ulipatikana kwa kufumba macho mbele ya hasara. Kwa mwenye seva cha kwanza ni kujua, kabla ya kubonyeza kitufe, kitakachobaki na kitakachopotea. Istilahi itakayomwambia hilo imetimiza wajibu wake, hata kama haikupangika vizuri katika jedwali.

Hukumu ya jumla, basi, ni hii. Miongozo ya AIX, HP-UX na Linux ni kazi za watu makini, sahihi katika maelezo yake na zenye maonyo ya kutosha kwa anayesoma hadi mwisho. Udhaifu wao umo katika neno la kwanza, lile linalosomwa na kila mtu, hata asiyesoma jingine. Kamati ya istilahi itakayoketi kuitazama lugha ya seva na ianze hapo: iandike mbele ya kila kitenzi kitu kinachobaki na kitu kinachopotea, ndipo itafute neno la Kiswahili linalosema hivyo. Majina ya vitu yanaweza kungoja kikao cha pili.